Bodi ya LT3045 na LT3094 kwa priampu ya santuri: tathmini baada ya kuilinganisha na LM317

Bodi ninayoitathmini hapa niliinunua kwa sababu moja tu, nayo ni mvumo. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikihamisha santuri za marehemu baba, nyingi zikiwa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zenye muziki wa dansi, kutoka kwenye mashine ya santuri kwenda kwenye kompyuta. Kila wimbo ulipofika mwisho, pale ambapo sindano huendelea kukwaruza kabla ya kunyanyuliwa, kilichobaki masikioni hakikuwa kimya bali sauti nzito ya "mmm" ambayo ilikuwapo tangu mwanzo, ila ngoma na magitaa yalikuwa yameifunika. Mafundi wa redio wa Kariakoo wanaufahamu vizuri mvumo huo, na wengi wao huutibu kwa kuongeza kapasita kubwa zaidi kwenye pawa saplai. Mimi nilitaka tiba ya kisasa, nikaagiza bodi hii kutoka ng'ambo kwa bei iliyozidi mara kadhaa gharama ya vipuri vyote ambavyo ningevipata mjini kwa kazi ileile.

Bodi ni ndogo kuliko kiganja. Haina transfoma, haina daiodi wala kapasita kubwa. Hivyo vyote ni jukumu la mnunuzi. Kilichomo ni vidhibiti volti viwili, au regyuleta kama mafundi wanavyoviita: LT3045 kwa upande chanya na LT3094 kwa upande hasi, pamoja na kapasita na resista ndogondogo zinazovizunguka. LT3045 ilibuniwa na Linear Technology ya California, kampuni ambayo mwaka 2017 ilichukuliwa na Analog Devices, na LT3094 ni mwenzake wa upande hasi. Bodi yenyewe imeundwa na muuzaji mwingine kabisa, ambaye sitamtaja kwa sababu nitakayoieleza hivi punde, na ni vyema msomaji akatenganisha sifa za chipu na sifa za bodi, kwa kuwa matangazo ya mtandaoni huzichanganya kwa makusudi.

Sifa ya chipu ni ya kweli na inastaajabisha. Waraka wa mtengenezaji unasema kwamba kelele, yaani mtikisiko mdogo wa volti usiotakiwa, inayotoka kwenye LT3045, ikipimwa kutoka hezi 10 hadi hezi 100,000, ni mikrovolti 0.8. Ili kuelewa uzito wa tarakimu hiyo, iweke kando ya LM317, kidhibiti ambacho kimekuwa kikiuzwa tangu miaka ya 1970 na ambacho hakuna duka la vipuri linalokikosa: waraka wake unataja kelele ya asilimia 0.003 ya volti zinazotoka, yaani mikrovolti 450 hivi kwa pato la volti 15, na hiyo ni kwa upana wa hezi 10 hadi 10,000 tu. Kwa hesabu ya juujuu, chipu mpya ina utulivu unaozidi ule wa chipu ya zamani kwa zaidi ya mara 500. Mtu akisoma hapo tu atafungua pochi, na mimi nilifungua.

Kwa nini santuri ndiyo mtihani mgumu kuliko vyanzo vingine vya sauti? Katriji ya sumaku ya kawaida, yaani kile kifaa kidogo kinachoshika sindano, hutoa takribani milivolti 5, ilhali simu au kicheza CD hutoa sauti yenye nguvu mara mia kadhaa zaidi ya hiyo. Zaidi ya hapo, sauti nzito hupunguzwa wakati wa kuchonga santuri ili mifereji isipanuke mno, kisha priampu, yaani kikuzaji cha awali kinachopokea sauti dhaifu ya katriji, huzirudisha kwa kuzikuza zaidi ya sauti nyingine, kwa kufuata mkunjo wa RIAA, chama cha kampuni za kurekodi za Marekani, unaotumika tangu mwaka 1954. Kwa mkunjo huo, sauti ya hezi 50 hukuzwa kwa desibeli 17 hivi zaidi ya sauti ya hezi 1,000, yaani mara saba, na ile ya hezi 100 kwa desibeli 13, yaani mara nne na nusu. Sasa tazama ubaya wa sadfa hii: umeme wetu wa nyumbani unacheza kwa hezi 50, na baada ya kupita kwenye daraja la daiodi linalougeuza kuwa mkondo mnyoofu uchafu wake unatua kwenye hezi 100. Priampu ya santuri ni mashine iliyoundwa, bila kukusudia, kuutafuta mvumo wa umeme popote ulipojificha na kuutangaza.

Nianze na kasoro, kwa kuwa ndiyo iliyonikabili kwanza. Muuzaji ameandika kwamba bodi iliyopangwa kutoa volti 15 chanya na volti 15 hasi ilishwe na transfoma ya 15-0-15, yaani yenye waya wa katikati na volti 15 kila upande wake. Mimi nina desturi ya kupima transfoma, daiodi na kapasita peke yake kabla ya kuunganisha chochote cha thamani, na desturi hiyo ndiyo iliyoiokoa bodi. Volti 15 za transfoma, zikishageuzwa kuwa mkondo mnyoofu, hupanda hadi kilele chake, yaani 15 mara 1.414, ambacho ni volti 21.2, na ukiondoa volti 0.7 za daiodi zinabaki 20.5. Hiyo ni kwenye karatasi. Transfoma ndogo isiyo na mzigo mkubwa hutoa zaidi ya inachoandikiwa, kwa sababu volti za kwenye lebo ni za mzigo kamili, na umeme wa mtaani nao haukai kwenye volti 230 kama vitabu vinavyodai. Jioni ile multimita ilisoma zaidi ya volti 23 kwenye kapasita. LT3045 imeruhusiwa kulishwa hadi volti 20 kwa kazi ya kawaida, na kikomo chake cha mwisho kabla ya kuharibika ni volti 22. Kwa maneno mengine, anayefuata maelekezo ya muuzaji neno kwa neno anaichoma chipu ghali siku ya kwanza, au, vibaya zaidi, anaiacha ikiishi ukingoni hadi alfajiri moja ambapo mtaa mzima umezima taa na volti zimepanda. Nilimwandikia, akanijibu kwamba wateja wake hawajawahi kulalamika.

Nikabadilisha transfoma, nikaweka ya 12-0-12, na pato la bodi nikalishusha hadi volti 12. Hapa muundo wa chipu ulinifurahisha. LT3045 haina ngazi ya resista mbili kama vidhibiti vya zamani. Inasukuma mkondo thabiti wa mikroampia 100 kupitia resista moja, na volti zinazoonekana juu ya resista hiyo ndizo zinazotoka. Omu 150,000 hutoa volti 15, omu 120,000 hutoa volti 12, na hesabu imekwisha. Kwa kuwa kelele haikuzwi pamoja na volti zinazotoka, chipu inabaki na utulivu uleule iwe unataka volti 3 au 15. Angalizo dogo kwa wakazi wa pwani: resista kubwa kama hiyo huathiriwa na uchafu wa kulehemu na unyevu unaovujisha mkondo juu ya bodi, kwa sababu hata nanoampia 50 zinazopotea ni asilimia 0.05 ya mkondo wote unaopanga volti. Isafishe bodi kwa spiriti baada ya kulehemu, uiache ikauke vizuri.

Kwa transfoma ya volti 12, kapasita zilikaa karibu na volti 16 kwa umeme wa 230, na hata umeme ukishuka hadi 200 zinabaki volti 14. LT3045 inahitaji takribani robo ya volti tu juu ya kile inachotoa, kwa hiyo nafasi ilitosha. Priampu yangu inatumia opampu, yaani chipu za kukuza sauti, za NE5532, ambazo zinafanya kazi kwa volti 12 bila manung'uniko. Kinachopotea ni desibeli 2 za nafasi ya juu kabla ya sauti kukatika, na kwa santuri sikuihisi hasara hiyo.

Nikawasha. Mvumo ulikuwa palepale.

Ninakiri kwamba nilikaa nikiitazama bodi kwa muda mrefu. Kisha nikafanya kile nilichopaswa kukifanya kabla ya kununua chochote: nilirekodi dakika moja ya kimya, sindano ikiwa imenyanyuliwa, nikaipitisha kwenye programu ya Audacity ambayo inaweza kuonyesha sauti imekaa kwenye hezi zipi. Mvumo una ukoo, na ukoo wake unaonekana hapo. Ukikuta kilele kwenye hezi 50 na 150, mtuhumiwa ni sumaku ya transfoma inayoingia kwenye katriji au kwenye nyaya za priampu, au ni mzunguko wa graundi, yaani njia ya pamoja ya volti sifuri, kati ya vifaa viwili. Ukikuta kilele kwenye hezi 100, 200 na 300, mtuhumiwa ni upande wa daiodi na kapasita. Mimi nilikuta zote mbili, lakini ya hezi 100 ndiyo iliyokuwa kubwa.

Sasa fikiria hesabu hii, kwa maana ndiyo kiini cha tathmini yangu. Priampu yangu inavuta mkondo wa miliampia 20 hivi. Kapasita ya mikrofaradi 2,200 inajazwa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo kiwimbi, yaani kupanda na kushuka kwa volti, kinachobaki juu yake ni volti 0.09 tu, na kidhibiti chochote cha heshima kinakifuta hadi kisionekane. Mvumo wa hezi 100 haukuweza kuwa unapitia kwenye chipu. Ulikuwa unapita kando yake. Daiodi hazivuti miliampia 20 kwa utulivu. Zinavuta kwa mipigo mifupi, pale tu volti za transfoma zinapozidi volti za kapasita, na kila mpigo unaweza kuwa mkubwa mara kumi au zaidi kuliko wastani. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 0.5 za mraba una ukinzani wa milioomu 3.4 kwa kila sentimita kumi. Mpigo wa ampia 0.3 ukipita humo unaacha milivolti 1. Milivolti moja si kitu kwa feni wala kwa balbu, lakini katriji yangu yote inatoa milivolti 5.

Nilikuwa nimepitisha waya huo wapi? Waya wa katikati wa transfoma niliupeleka kwenye bolti moja ya sanduku, kwa kufuata ule ushauri maarufu kwamba graundi zote zikutane kwenye nukta moja kama miale ya nyota, kisha kutoka kwenye bolti nikaupeleka waya mwingine hadi kwenye kapasita. Njiani, kwa uvivu wa kuogopa kutoboa tundu jingine, nikaiunga graundi ya soketi za kuingizia santuri kwenye waya huohuo. Mipigo yote ya daiodi ilikuwa ikipita kati ya graundi ya soketi na graundi ya priampu, na priampu, kwa uaminifu wake, ikaikuza tofauti hiyo kana kwamba ni muziki. Ushauri wa nyota si mbaya, ila wengi wanaoutoa husahau kusema kwamba mzunguko wa kujaza kapasita lazima ufungwe kwanza wenyewe kwa wenyewe: waya wa katikati wa transfoma uende moja kwa moja mahali ambapo kapasita mbili zinakutana, na kutoka hapo, baada ya mipigo kumaliza safari yake, utoke waya mmoja tu kwenda kwenye nyota. Nilihamisha waya huo kwa sentimita zisizozidi 15. Kilele cha hezi 100 kikazama ndani ya mkwaruzo wa kawaida wa santuri.

Kilichobaki kilikuwa cha hezi 50, na tiba yake ilikuwa ya kienyeji zaidi. Niliitoa transfoma kwenye sanduku la priampu, nikaiweka kwenye sanduku lake la bati umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye mashine ya santuri, kisha nikaizungusha taratibu huku nimevaa spika za masikioni hadi nikapata upande ambao mvumo ulikuwa mdogo kabisa. Transfoma ya umbo la bangili huvujisha sumaku kidogo kuliko ile ya mabamba ya kawaida, na kama ningeanza upya ningenunua hiyo, lakini umbali ni dawa isiyohitaji pesa. Anayefanya kazi hii akumbuke kwamba sanduku hilo la bati lina umeme wa volti 230 ndani yake: liwe na fyuzi upande wa kuingilia, na waya wa ethi ufungwe kwa bolti kwenye bati lenyewe. Asiyezoea umeme wa ukutani amwachie fundi sehemu hiyo.

Baada ya nyaya kunyooka ndipo nilipoweza kuuliza swali lililonifanya ninunue bodi: je, LT3045 inaleta tofauti katika kazi hii? Ili nijibu kwa haki nilijenga pawa saplai nyingine kwa LM317 upande chanya na LM337 upande hasi, kwa vipuri vya Kariakoo, nikatumia transfoma ya 18-0-18. Resista niliyoweka kati ya pato na mguu wa kurekebishia ni ya omu 120, na ile ya kwenda graundi ni ya omu 1,300, kwa pato la karibu volti 14.9. Vitabu vingi huonyesha omu 240 badala ya 120, lakini LM317 inaweza kuhitaji hadi miliampia 10 ndipo ishike volti zake sawasawa, na omu 120 zinahakikisha miliampia hizo zipo hata priampu ikichomolewa.

Kuna kapasita moja katika saketi hii ambayo mafundi wengi huiruka, nami ningeomba wasiiruke tena. Ni ya mikrofaradi 10, kutoka kwenye mguu wa kurekebishia hadi graundi. Bila kapasita hiyo, LM317 inakuza kelele ya rejea yake ya ndani (volti za kulinganishia) ya volti 1.25 kwa kiasi kilekile inachokuza volti zenyewe, karibu mara kumi na mbili katika mpangilio wangu. Ukiiweka, kelele hiyo inaachwa bila kukuzwa katika sehemu kubwa ya sauti tunazosikia, na uwezo wa kufuta viwimbi vya umeme unapanda kutoka desibeli 65 hadi 80 kwa takwimu za mtengenezaji. Ni kipuri cha bei ya chini kabisa katika sanduku zima, na ndicho kinachofanya kazi kubwa kuliko vyote. Ukishaiweka, ongeza na daiodi ya kulinda kati ya mguu huo na pato, ili kapasita isijimwage ndani ya chipu siku pato litakapoguswa na graundi kwa bahati mbaya.

Halafu hesabu ya mwisho. Chukua LM317 katika hali yake mbaya kabisa, bila kapasita hiyo, ikitoa mikrovolti 450 za kelele. NE5532 yenyewe hukataa uchafu unaotoka kwenye umeme wake: kwa kawaida kwa desibeli 100, na mtengenezaji anahakikisha zisizopungua 80. Kwa desibeli 80, mikrovolti 450 zinafika kwenye mlango wa opampu zikiwa nanovolti 45. Opampu hiyohiyo ina kelele yake ya kuzaliwa ya nanovolti 5 kwa kila mzizi wa hezi, yaani huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha upana wa hezi, ambayo kwa upana wa sauti tunazosikia inajumlika kuwa karibu nanovolti 700. Kelele ya kidhibiti cha bei ndogo imezama mara kumi na tano chini ya kelele ya opampu, na kelele ya opampu nayo imezama chini ya mkwaruzo wa santuri ya mwaka 1970 iliyokaa kwenye kabati lenye mchwa. Hesabu hii ina ukingo wake: ukinzani wa opampu dhidi ya uchafu wa umeme hupungua kadiri hezi zinavyopanda, kwa hiyo huko juu kwenye hezi 10,000 mambo si mepesi kama yanavyoonekana kwenye hezi 100. Hiyo nayo ni sababu ya kuiweka ile kapasita ya mikrofaradi 10.

Masikio yalikubaliana na karatasi. Nilibadilisha pawa saplai hizi mbili mara nyingi, mara nyingine nikimwomba mdogo wangu abadilishe bila kuniambia ipi ni ipi, na sikuweza kuzitofautisha kwa santuri wala kwa kimya cha kati ya nyimbo. Wapo wanaosema kwamba kwa LT3045 jukwaa la muziki hupanuka na waimbaji hukaa mbali na ukuta. Sibishani na masikio ya mtu. Ninasema tu kwamba katika sebule yangu waimbaji walikaa palepale.

Upande ambao LM317 iliishinda bodi waziwazi ni uvumilivu. Inachojali ni tofauti kati ya volti zinazoingia na zinazotoka, na tofauti hiyo inaruhusiwa kufika volti 40. Kwa transfoma ya 18-0-18 kapasita zinakaa karibu na volti 25. Umeme ukishuka hadi 180, jambo ambalo wapangaji wenzangu wa uswahilini hawataliona kuwa la ajabu, zinabaki volti 19, na LM317 inayohitaji volti 2 hivi za juu bado inashika volti 14.9 bila kutetereka. Ukipanda hadi 250, hakuna kinachoungua. Joto ni dogo, chini ya nusu wati kwa kila chipu, na bamba dogo la kupozea linatosha hata mwezi wa pili. Kwa umeme wa jenereta au wa inveta za bei nafuu ambazo wimbi lake lina pembe, transfoma yenyewe hulia kwa sauti ya kusikika, na hapo kidhibiti hakina la kufanya; nikaacha kurekodi siku za mgao.

Kuhusu uthabiti, maana pawa saplai inaweza kuwa na kelele ndogo kwenye waraka kisha ikaanza kuyumba yenyewe kama spika iliyokaribiana na maikrofoni, hizi mbili zina tabia zinazopingana. LT3045 inadai kapasita ya seramiki isiyopungua mikrofaradi 10, iliyokaa jirani kabisa na miguu ya pato, na seramiki hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake ikishabebeshwa volti. Muuzaji wa bodi ameweka mbili sambamba, mahali panapotakiwa, na kwa hilo anastahili sifa. Kwa LM317 mambo ni kinyume: kapasita ndogo sana za kutoka pikofaradi 500 hadi 5,000 zinaweza kuifanya itetemeke, na dawa yake ni kuweka kapasita ya kawaida ya mikrofaradi 25 au zaidi kwenye pato. LM337 haivumilii hata kidogo kukosa kapasita ya pato. Bila ya elektroliti ya mikrofaradi 10 au tantalamu ya mikrofaradi 1 inaweza kuyumba. Aidha, miguu yake haijapangwa kama ya LM317. Katika LM317 mguu wa kati ni pato na bati la mgongoni ni pato. Katika LM337 mguu wa kati ni mlango wa kuingilia, na bati nalo ni la kuingilia. Ukizifunga zote mbili kwenye bamba moja la kupozea bila kuweka karatasi ya mika ya kuzuia umeme, umeunganisha pato la upande chanya na umeme mbichi wa upande hasi, na moshi utakueleza yaliyosalia. Chunga pia chipu bandia. Niliwahi kuuziwa LM317 ambayo ilizima yenyewe kwa mzigo ambao halisi ingeubeba bila kupata joto.

Priampu hii ilikuja na adapta ya ukutani ya volti 12, ya aina inayokatakata umeme kwa kasi, na nimeijaribu pia ili tathmini isiwe ya upande mmoja. Mvumo wa hezi 100 haikuwa nao hata kidogo, na wanaozikashifu adapta hizi kwa jumla wanakosea. Tatizo lake lilikuwa jingine. Ndani yake kuna kapasita ndogo inayounganisha upande wa ukutani na upande wa pato, na kwa kuwa plagi yake haina ethi, bati la mashine hubaki likielea kwenye volti nyingi zenye mkondo mdogo mno. Ukilipapasa kwa mgongo wa kidole unahisi linakutekenya. Mkondo huohuo hutafuta njia ya kurudi kupitia kebo ya sauti kwenda kwenye kompyuta, na hapo husikika kama mbu wa mbali. Chaja ya kompyuta ya mkononi hufanya vilevile, na ndiyo maana mbu alitoweka nilipoichomoa na kurekodi kwa betri.

Kwa hiyo nani ainunue bodi hii? Kwa priampu ya santuri, kichanganyio cha sauti au kikuzaji cha spika za masikioni chenye opampu za kawaida, sioni sababu. Pesa hizo zitafanya kazi zaidi kwenye transfoma ya umbo la bangili, sanduku la bati na saa mbili za kupanga nyaya. Kwa saketi zinazofanya kazi kwa kasi kubwa, hali ni nyingine kabisa. LT3045 inaendelea kukataa uchafu kwa desibeli 76 hata kwenye hezi milioni 1, mahali ambapo LM317 na opampu zote mbili zimekwisha nguvu, na huko ndiko inakoishi saa ya kioo, yaani kipande cha fuwele kinachotoa mapigo ya muda, inayoongoza kigeuzi cha sauti kwenda tarakimu.

Bodi yangu sikuiuza. Nilitoa ile resista ya omu 120,000 upande chanya, nikaweka ya omu 50,000 ili itoe volti 5, nikailisha kwa transfoma ya volti 9 iliyokuwa imelala kwenye droo, na sasa inakilisha kigeuzi changu badala ya umeme wa kompyuta. Upande wake hasi haujaunganishwa na chochote. Priampu inaendelea na LM317 na LM337.